Peponi Imefika Pepa

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Vidole vimeganda, mshumaa umebaki nusu, na sitalala kabla sijaandika. Jamani, Pepa inasoma! Wala si masomo ya mtihani, si barua ya serikali, si tangazo la chanjo. Inasoma riwaya, kwa sauti, usiku, mbele ya umati. Nilihesabu watu sitini na watatu kabla giza halijanizidi: wachungaji wa ng'ombe, akina mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi wa sekondari, vijana wa pikipiki waliozima mashine zao bila kuambiwa, na mzee mmoja aliyejibebea kiti chake kutoka ng'ambo ya kijito. Wote wamejifunika mablanketi hadi puani. Mwalimu aliyekuwa anasoma alipofunga kitabu kwa sababu taa ya sola imeanza kufifia, alipigiwa kelele. Walimkatalia kuacha! Mmoja akawasha tochi ya simu, wa pili akawasha yake, na kipande kile kikamaliziwa kwa mwanga wa simu tano.

Nimependa vitabu tangu utoto, na nimekaa kwenye mikutano ya vitabu mijini ambako wasikilizaji huanza kutazama saa dakika ya ishirini. Hiki nilichokiona leo sijawahi kukiona popote, na nimekiona kwetu.

Kwa asiyeijua Pepa: iko juu, kwenye nyanda za Marungu, upande wa Moba, jimbo letu la Tanganyika. Ukitoka Kalemie unafuata ziwa kwa boti kwenda kusini mpaka bandari ya Moba, unalala hapo ukipenda, kisha unashikilia mgongo wa dereva wa pikipiki na kupanda. Kupanda kwenyewe ni kazi. Milima hii hupita mita 2,400 mahali pengine, na joto la ziwani linabaki kule chini pamoja na ndagala wake. Huku ni majani mpaka macho yachoke, ng'ombe, maharage, mbatata na upepo. Wenzetu wa Ulaya huwaandalia watoto wao programu za kusoma wakati wa kiangazi kwa sababu jua linawaka na siku ni ndefu. Kiangazi chetu, Juni hadi Agosti, kina sura yake: mvua zimekatika, umande wa asubuhi unauma miguu, shule zinafungwa. Ndiyo vakanse kubwa. Mtoto aliyejua kusoma mwezi wa tano anaweza kuwa amesahau nusu ifikapo Septemba, maana nyumbani kwao karatasi pekee yenye maandishi ni pakiti ya chumvi.

Basi mwaka huu walimu wawili, akina mama wa kwaya na vijana wa pikipiki wamekubaliana kwamba vakanse hazitapita hivihivi. Wameomba darasa moja, wakapewa. Shughuli yao haina jina wala bango. Watu wanasema tu "kwenye kitabu." Unaenda kwenye kitabu? Ulikuwa kwenye kitabu jana? Nimefika kutoka Kalemie siku nne zilizopita kwa ajili ya mambo ya familia, nikasikia neno hilo kisimani, nikauliza, na tangu hapo sijakosa hata mara moja. Nimeona mikutano mitatu ya kwanza. Haya ndiyo niliyoyaona, na nawaambia kwa moyo wote: njooni.

Alasiri ni ya watoto, nami nilifika wa kwanza nikidhani nitakaa nusu saa tu. Nilikaa mpaka mwisho. Juu ya meza kuna vijitabu kama thelathini, karatasi iliyokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi mweusi wa fundi nguo. Mmoja wa walimu alishuka Moba, akatafuta mtandao, akapakua hadithi za African Storybook, akazitoa fotokopi. Hii ni kazi ya shirika la Saide la Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 2014: hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi sana za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuzisoma, kuzichapisha, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha bila kumlipa mtu. Tafadhali rudia kusoma sentensi hiyo. Bila kumlipa mtu! Gharama yote iliyotumika hapa ni karatasi, wino na uzi.

Utaratibu ni rahisi. Mtoto anasoma ukurasa mmoja, anampa jirani. Anayekwama anasaidiwa na aliyekaa nyuma yake, kamwe si na mwalimu. Nikasikia ugomvi mtamu kuliko wimbo. Kitabu kimesema "ugali," msomaji akasoma "bukari." Mwenzake akamrukia: hapo hapajaandikwa bukari! Wa kwanza akajibu kwamba picha anaiona, na hiyo ni bukari. Darasa likagawanyika. Mwalimu hakuamua. Aliandika maneno yote mawili ubaoni, akachora mstari kati yake, akauliza nani anajua mengine ya namna hiyo. Ubao ulijaa! Mchicha na lengalenga. Kisamvu na sombe. Likizo na vakanse. Watoto wa miaka minane wakitengeneza kamusi bila kujua kwamba wanatengeneza kamusi.

Kulikuwa na kijana mmoja mchungaji, umri wa miaka kumi hivi, fimbo yake ameiegemeza mlangoni. Hajui kusoma. Zamu yake ilipofika hakuona haya. Alishika kijitabu akasoma picha. Alianza na mbuzi aliyechorwa ukurasa wa kwanza, akampa jina, akampa mama mkali na jirani mwizi, akaenda naye hadi ukurasa wa mwisho, na kila picha akaieleza sababu yake. Hadithi aliyoisimulia haikuwa ile iliyochapishwa. Ilikuwa nzuri zaidi. Mwalimu aliiandika neno kwa neno, na leo nimeona herufi za kwanza za yule mtoto: anajifunza kusoma hadithi yake mwenyewe, akiifuata kwa ncha ya kidole, kwa sababu maneno anayajua tayari. Nimesoma makala nyingi juu ya mbinu za kufundisha kusoma, lakini hii naiweka juu ya zote.

Halafu bibi mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu akakaa. Aliposikia hadithi akaitaka kwa Kitabwa, lugha ya huku. Watoto wakubwa wakaanza kuigeuza papo hapo, sentensi kwa sentensi, naye akiwasahihisha kwa ukali wa hakimu. Walikosea jina la ndege mmoja, akasimama kabisa. Kumbe kwa Kitabwa ndege yule ana majina mawili, moja la dume na moja la jike, na wajukuu hawakujua. Tafsiri hiyo sasa iko kwenye daftari, kurasa nane kwa mkono wa mwanafunzi wa sekondari, na picha zimechorwa upya kwa bic ya bluu.

Meza ya kubadilishana nitaipitia haraka, ingawa kwa haki yake ingestahili makala. Sheria ni kitabu kwa kitabu. Mama mmoja wa kwaya ndiye mwenye daftari: jina, kitabu, tarehe, sahihi au dole gumba. Vitabu havifiki hamsini. Kuna Injili, kuna vitabu vya shule vya Kifaransa vilivyopoteza jalada, kuna somo la biolojia, kuna *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1951, nakala iliyoshikwa na mikono mingi mpaka pembe zake zimekuwa za mviringo. Na kuna vitabu vya Kiingereza na vya Kibemba, na hivi vina historia. Mwaka 2000 vita vilipita Pepa vikielekea Pweto. Watu wa huku walikimbilia Zambia kwa maelfu, wakakaa miaka makambini, Kala na Mwange, na watoto wao wakasoma huko. Kuanzia mwaka 2007 walianza kurudishwa kwa meli kutoka Mpulungu hadi Moba. Waliporudi, wengine walikuwa na kitabu katikati ya sufuria na godoro. Ndivyo Kibemba na Kiingereza vilivyoingia kwenye meza hii, na ndiyo maana Pepa ina wasomaji wa lugha tano ambao miaka yote hii hawakuwa na mahali pa kukutana.

Na asiye na kitabu? Hili ndilo lililonishika kooni. Asiye na kitabu analipa kwa hadithi. Anakaa na mwanafunzi, anasimulia, mwanafunzi anaandika, na kurasa hizo zinawekwa mezani kama kitabu kingine chochote. Mtu wa pili anaziazima. Jana jioni nilizihesabu: kumi na moja. Moja ni ya mama anayeuza maharage, juu ya safari yake ya kurudi kutoka Zambia akiwa mjamzito. Nimeiazima mimi. Nimeweka rehani kitabu changu cha mashairi na sioni nikikidai karibuni.

Sasa nije kwenye usiku, maana usiku ndio moto wenyewe.

Riwaya wanayoisoma ni *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah. Mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, *Paradise*, mwaka 1994, nayo ikaingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker. Tukangoja. Miaka ishirini na minane tukangoja kitabu kinachotuhusu kije kwa lugha yetu, mpaka Ida Hadjivayanis alipokitafsiri na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakichapisha mwaka 2022. Nakala iliyoko Pepa ni moja. Ndugu wa mmoja wa walimu aliinunua Dar, ikapanda garimoshi hadi Kigoma, ikavuka ziwa kuja Kalemie kwenye boti ya mizigo, ikashuka Moba, ikapanda Marungu ndani ya koti la dereva wa pikipiki ili isilowe umande.

Mmeiona njia hiyo? Ni njia ya msafara! Kutoka pwani, kukata bara, kufika ziwani, kuvuka, kuingia huku. Ndivyo wanavyotembea watu wa mfanyabiashara Bwana Aziz ndani ya riwaya yenyewe, wakiwa na wapagazi na bidhaa zao, hadi mji wa mtawala Chatu ng'ambo hii ya maji. Kitabu kimefuata nyayo za hadithi yake mpaka mlangoni kwetu. Niliposema hivyo usiku wa kwanza, wakati wa chai, kulikuwa na kimya kidogo, kisha vijana wa pikipiki wakaanza kupiga makofi, maana wapagazi wa leo ni wao na walilijua hilo mara moja.

Kwa sasa tuko mwanzoni. Yusuf yuko katika mwaka wake wa kumi na mbili. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa reli, na anadaiwa. Kila mara Bwana Aziz, mgeni mwenye manukato anayeitwa ami, anapokuja, mtoto hupata sarafu wakati wa kuagana. Na safari hii anaondoka naye. Mwalimu anasoma polepole, sauti nzito, hafanyi maigizo mengi, na nampongeza kwa hilo: anauacha ubaya wa jambo ujitokeze wenyewe. Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kinaingia katika masikio yaliyozoea Kiswahili cha Kongo, na nilikuwa na wasiwasi. Sikuwa na haja. Pale neno gumu linapokuja, mtu hunyoosha mkono, mwingine humjibu, na msomaji huendelea. Dakika hizo za kuulizana ni sehemu ya starehe.

Lakini neno moja halikuulizwa na mtu. *Rehani.* Khalil, kijana mwenzake dukani, anapomfungua macho Yusuf kwamba yule si ami yake na kwamba yuko pale kwa ajili ya deni la baba, darasa zima lilishusha pumzi kwa pamoja. Mwalimu alisimama hapo, na mjadala ulichukua muda mrefu kuliko usomaji. Mama mmoja alisema baba huyo hana tofauti na anayempeleka binti mjini kufanya kazi kwa mtu wa ukoo na hamuulizii tena. Mzee mwenye kiti akapinga: baba aliogopa, na mtu mwenye deni haamui peke yake. Msichana wa sekondari akauliza swali ambalo nimelala nalo siku mbili: na mama yake Yusuf alijua tangu lini? Hakuna aliyemjibu. Watu waliondoka wakiwa wanalitafuna swali hilo njiani, nikiwasikia gizani, sauti zikipungua kila njia ilipogawanyika.

Huo ndio uhakiki, ndugu zangu. Bila mtaalamu, bila kipaza sauti.

Leo usiku, wa tatu, niliombwa nami niseme kidogo. Nikawaeleza jambo ambalo nimelibeba miaka mingi bila kupata watu wa kuliambia. Jina la Marungu liliingia kitabuni kwa Kiswahili zamani sana. Mwaka 1901, kule Göttingen, Ujerumani, kulichapwa kitabu kiitwacho *Safari za Wasuaheli*, kilichokusanywa na Carl Velten. Ndani yake mfanyabiashara wa pwani, Selemani bin Mwenye Chande, anasimulia safari yake ya bara, naye anavuka Ziwa Tanganyika na kuja pande hizi za Marungu, kwa mtawala anayemwita Chata. Wataalamu wa fasihi wameonesha kwamba Gurnah aliegemea masimulizi hayo ya Waswahili alipokuwa akiandika riwaya yake. Chata wa safari ile na Chatu wa riwaya ni majirani wa karibu.

Nilitaja hayo nikitegemea makofi. Nilichopata ni swali la yule mzee mwenye kiti. Aliuliza: "Mwanangu, na walisema nini juu yetu?"

Nikamwambia ukweli. Wageni walisimulia upande wao, na upande wao ni wa watu waliopoteza mali. Katika riwaya pia Chatu anawanyang'anya bidhaa, ingawa Gurnah anampa nafasi ya kujibu: wenzao walitangulia kumdhulumu. Mzee alitikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza la pili, na hili ndilo lililonileta nyumbani mbio kuandika: nani wa huku aliandika la kwetu?

Yupo! Yupo, na ni wa huku huku, na watoto wa Pepa hawamjui. Stefano Kaoze, aliyezaliwa kama mwaka 1886 katika nchi hii ya Watabwa, akasomeshwa na Mapadri Weupe. Mwaka 1910 jarida la Kibelgiji, *La Revue Congolaise*, lilianza kuchapisha maandishi yake marefu juu ya nafsi na fikra za Wabantu, nayo huhesabiwa kuwa andiko la kwanza la Mkongomani kuchapishwa kwa Kifaransa. La kwanza katika nchi nzima hii, kutoka Matadi hadi Kalemie! Tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadri Baudouinville, ndiyo Moba yetu, akawa padri wa kwanza mzaliwa wa Kongo ya Wabelgiji. Alifariki mwaka 1951. Alikuwa ameandika juu ya watu wake, jinsi wanavyowaza na jinsi wanavyosema, wakati wengi wa waliokuwa wakiwaandika waliwatazama kwa mbali tu.

Mwalimu aliandika jina hilo ubaoni, akaweka tarehe 21 Julai chini yake. Bado ziko siku za kutosha kujiandaa. Msichana wa lile swali la mama yake Yusuf amejitolea kusoma habari za Kaoze kwa Kifaransa na kuzieleza kwa Kiswahili, na bibi wa majina mawili ya ndege ameapa atazieleza kwa Kitabwa. Mimi ningekuwa nimesharudi Kalemie kwa hesabu zangu za mwanzo. Nimebadilisha hesabu.

Nimejiuliza njiani kwa nini furaha hii ni kubwa kiasi hiki. Naijua historia ya wenzetu, na ninaiheshimu. Nairobi kuna maktaba ya McMillan, nguzo nzito na simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwafungia Waafrika nje hadi mwaka 1958. Na tangu mwaka 2017 Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, kupitia Book Bunk, wanaihangaikia pamoja na zile za Kaloleni na Makadara, ili ziwe nyumba za watu wa mtaa, za hadithi, filamu na mazungumzo. Garissa, Huduma ya Maktaba ya Kenya ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Kitengesa, karibu na Masaka kule Uganda, maktaba ya kijiji ilianza na sanduku tu la vitabu mwaka 1999. Kila mahali mtu alitazama alicho nacho: jengo la mkoloni, mnyama, sanduku. Pepa imetazama ikaona darasa tupu, blanketi na koo la mwalimu mmoja, ikasema inatosha kuanzia. Na inatosha! Nimeona kwa macho yangu.

Nisifiche yasiyokwenda vizuri, maana ninayataka yaende vizuri. Wasichana wa miaka kumi hadi kumi na minne wanaondoka alasiri katikati ya hadithi, kwa sababu saa hiyo ni ya maji na kuni. Nimewaona wakitoka huku wamegeuza shingo. Ihamishieni asubuhi, walimu wangu, baada ya kukamua, hata kama wavulana watalalamika. Vitabu vya Kifaransa mezani ni vigumu mno kwa wengi, vinahitaji mtu wa kuvisoma pamoja nao. Taa moja haitoshi. Na mwalimu wa usiku ameanza kukohoa. Asaidiwe kusoma na wengine, kila mmoja kurasa mbili, hasa wale vijana wa pikipiki ambao tayari wamezoea kuita abiria kwa sauti.

Upungufu mkubwa ni ule wa nakala. Kitabu kimoja kwa watu wote hawa! Kina faida yake, nakiri: kinawalazimisha kukaa pamoja, na swali la mmoja linakuwa la wote. Lakini nimemwona leo dereva mmoja amebaki baada ya wote kuondoka, ameinama juu ya meza akisoma mbele kidogo, kwa haraka, kama anayekula kwa siri, kabla kitabu hakijafungiwa kabatini. Mtu wa namna hiyo anastahili kitabu cha kulala nacho.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO iliitangaza Novemba 2021, ikikumbuka siku kama hiyo mwaka 1954 ambapo chama cha TANU cha Mwalimu Nyerere kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kupigania uhuru. Miji mikubwa itakuwa na hotuba. Pepa itakuwa na zile hadithi kumi na moja za daftarini, labda na nyingine tatu nne zitakazokuwa zimeongezeka, na kila mwenye hadithi ataisikia ikisomwa na mtu mwingine mbele yake. Mama wa maharage ameshauliza avae nini.

Nawaambia wapenzi wa vitabu wa Kalemie, wa Kigoma, wa Lubumbashi na wa Bukavu: pandeni boti ya Moba, njooni na blanketi zito, na msije mikono mitupu. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, vitambaa na sabuni vinavuka ziwa kila siku, basi na vitabu vivuke. Na wewe uliyeko mbali, kama *Peponi* umeshaimaliza na inakaa tu kwenye rafu, mpe mtu anayekuja Moba na umwambie aiulizie Pepa, kwenye kitabu. Usomaji unaendelea Jumatano baada ya ng'ombe kulala. Nakala ni moja, na sisi ni sitini na watatu.